Jumamosi Lori Haliondoki

Kila tulipofika mahali pa kupiga muziki, sisi wengine tuliangalia ukumbi. Dereva wetu aliangalia ardhi. Alishuka garini, akazunguka kiwanja mikono nyuma, ameinama kidogo kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka, halafu akarudi na kusema, "Hapa." Au akasema, "Hapa hapana." Akisema hapana, bendi nzima ilijua kwamba spika tutazibeba mabegani kutoka mbali, maana lori halingesogea karibu na ukumbi hata Meneja alie machozi.

Alichokuwa anatafuta ni mteremko. Lori letu halikuwa na starta. Ilikufa kabla mimi sijajiunga na bendi, na miaka ile starta ya lori haikuwa kitu cha kwenda dukani kununua. Dukani kwenyewe hata sabuni haikuwepo. Betri nayo ilibaki jina tu. Kwa hiyo lori lilisimama likiangalia bondeni, jiwe chini ya tairi la mbele. Wakati wa kuondoka watu walisukuma, Dereva akatia gia ya pili, akaachia klachi, lori likakohoa, likatikisika, likaitika.

Jiwe lilikuwa lake mwenyewe. Alilitoa kwenye miamba ya kwao, upande wa Majita, jeusi lenye madoa meupe, zito kama debe la mahindi. Alisafiri nalo kila mahali. Niliwahi kumwuliza kwa nini asiokote jiwe lolote huko tunakokwenda, nchi hii imejaa mawe.

"Mawe ya huko siyajui," alinijibu.

Watu wa Bunda na Mugeta waliizoea safari yetu kuliko hata nyimbo zetu. Asubuhi ya Jumapili, vijana waliokuwa wamecheza walikuja na mashati yao ya dansi kusukuma lori, wakaona ni sehemu ya burudani. Akina mama waliokuwa wanakwenda kanisani walisimama pembeni kutazama. Dereva alitoa kichwa dirishani, akasema kwa sauti ndogo, "Toa jiwe," na umati wote ukapokea kwa kelele, "Toa jiwe! Toa jiwe!" Mtu aliyelitoa alipaswa kukimbia nalo na kulitupa nyuma ya lori likiwa linatembea, kwa sababu lori likishawaka halisimami tena mpaka kwenye mteremko mwingine. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa fundi mitambo wa bendi. Sikusomea. Nilijifunza kwa kufungua redio ya mjomba wangu, nikashindwa kuifunga, nikachapwa, nikaifungua tena. Labda kwa sababu hiyo nimekuwa mtu wa wasiwasi. Mtu aliyefundishwa na mwalimu anajua lini kazi yake imekamilika, mwalimu anamwambia. Mimi hakuna aliyeniambia. Waya niliouchomelea niliukagua, nikaondoka, nikarudi kuukagua. Hata maelezo haya nimeyaandika na kuyachana, nikayaandika tena, nikihofia kwamba nimemwekea Dereva mdomoni maneno ambayo hakuyasema hivyo.

Nilipanda mbele pamoja naye kwa sababu ya amplifaya. Taa zake za kioo, zile za ndani za kukuza sauti, zilikuwa za mwisho tulizokuwa nazo, na kule nyuma zingevunjika, kwa hiyo niliipakata mapajani kama mtoto, kutoka Musoma hadi Makutano, kutoka Makutano hadi Butiama, kutoka Butiama kurudi hadi Bunda. Ndiyo maana uso wake ninaujua zaidi upande wa kushoto: sikio lenye kovu, ndevu alizozinyoa kila alfajiri bila kioo, na taya lililotafuna hewa kila tulipopanda mlima.

Alikuwa mtu wa Sabato. Hilo kila mtu alilijua. Ijumaa jua likianza kushuka alitafuta mteremko, akaweka jiwe, akavua kofia, akafunga mlango. Kuanzia hapo mpaka jua la Jumamosi lizame, hakugusa usukani. Sasa fikiria mwenyewe: bendi ya dansi, siku kubwa ya dansi ni Jumamosi, na dereva wake Jumamosi hagusi gari. Ilibidi safari zetu zote zipangwe kwa kufuata jua lake. Tulifika Ijumaa mchana, tukashusha vyombo haraka haraka, tukakaa. Jumapili nayo, serikali ilikuwa imekataza magari kutembea kuanzia saa nane mchana bila kibali, ili mafuta yasiishe nchini. Kwa hiyo tulikuwa na upenyo mmoja tu, asubuhi ya Jumapili. Tukiukosa, tumelala hapo hapo.

"Mwenzetu Mungu amempa siku ya kupumzika," mpiga solo alikuwa akisema, amelala chali juu ya spika. "Sisi ametupa siku ya kumsubiri mwenzetu."

Tuliwahi kukwama Mugeta namna hiyo, mvua inanyesha, hakuna cha kufanya isipokuwa kutazama ng'ombe wakienda kunywa maji na wakirudi. Wanamuziki walikasirika mpaka wakaacha kuongea. Mimi, nikiri tu, nilifurahi. Nilifungua kila kifaa nikakikagua upya. Dereva alikaa kwenye ngazi ya lori akanitazama kwa muda mrefu.

"Fundi, hicho si ulikifungaga jana?"

"Nahakikisha."

"Haya. Kila mtu na jela yake."

Alisema hivyo bila dhihaka. Alinitambua, nadhani, kama mfungwa anavyomtambua mwenzake.

Jela yake mwenyewe aliniambia kidogo kidogo, kipande kwa kipande, katika barabara ile. Kanisa lao lilikuwa limemfuta ushirika kwa sababu ya kuendesha lori la dansi. Kufutwa hakukuwa kufukuzwa. Aliruhusiwa kuja, akae benchi la nyuma, asikilize. Ila siku walipokula mkate wa Bwana, na kabla ya mkate wakaoshana miguu wawili wawili kama desturi yao, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, yeye alitoka nje akasimama kwenye uzio. Mzee wa kanisa hilo, aliyesimama mbele ya watu akalisoma jina lake kuwa limefutwa, alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

"Ulimchukia?" nilimwuliza.

"Nimchukie kwa nini? Ningekuwa mimi ningesoma vilevile." Alibadilisha gia. "Nataka kitu kimoja, Fundi. Nimwoshe miguu kaka yangu kabla hajafa. Basi."

"Si uende kwake tu ukamwoshe?"

"Nyumbani hiyo ni kunawa. Mimi nasema pale, mbele ya watu, na beseni la kanisa."

Kaka alikuwa amemwekea sharti moja tu: aache bendi. Na kuacha bendi, kwa maneno, kulikuwa rahisi. "Mwaka huu ndio wa mwisho," alisema kila mwaka tulipoanza kuzunguka msimu wa pamba, wakulima wakiwa wameshauza na wanataka kucheza. "Pamba ikiisha naacha." Pamba iliisha, akaendelea. Nyumba aliyokaa na mkewe na watoto kule Nyasho, mjini Musoma, ilikuwa ya shirika, shirika lile lile la umma lililomiliki bendi na lori. Dereva akiacha lori, ameacha na nyumba. Na lori jingine la kuendesha lilikuwa wapi? Malori mengi mjini yalikuwa juu ya mawe, yamenyofolewa tairi, majani yanaotea kwenye injini.

Nilikwenda kwao Nyasho mara nyingi kutengeneza redio. Mkewe alikuwa mwanamke mrefu aliyeuza dagaa na mihogo mikavu barazani, na alikuwa bado mshirika kamili, anakaa mbele pamoja na akina mama. Siku moja mumewe akiwa amekwenda kuchota maji ziwani aliniita.

"Shemeji, wewe anakusikilizaga. Mwambie aache hiyo kazi."

"Akiacha mtakaa wapi, shemeji?"

Aliangalia ukuta, akaangalia bati, akaangalia mtoto aliyelala kwenye mkeka.

"Ndiyo hapo sasa," akasema, akaendelea kupepeta dagaa wake.

Ukimwuliza Dereva, hakuwa na uhusiano wowote na muziki. "Mimi nabebaga vyuma tu," alisema. "Huko ndani mnafanya nini, sijui." Tukiwa tunapiga dansi la mchana, lile tuliloliita bugi, alikaa kwenye kiti chake lorini na Biblia, masikioni ameziba pamba mbichi aliyoichuma shambani kwa mtu. Jumamosi moja pale Bunda nilikimbia garini kuchukua fyuzi. Mlango ulikuwa wazi. Biblia ilikuwa magotini, macho ameyafumba, na mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki kwa kufuata besi. Hakukosea hata pigo moja. Alifumbua macho akanikuta namwangalia mguu.

"Nakagua breki," alisema.

"Siku ya Sabato?"

"Toka hapa, Fundi."

Nilicheka mpaka nikasahau fyuzi. Lakini tangu siku hiyo nilijua kwamba ile pamba ya masikioni haikutosha, na yeye alijua kwamba ninajua. Hatukulizungumza tena. Nilichoona ni kwamba safari iliyofuata alikaa mbali zaidi na ukumbi, chini kabisa ya kilima. Wanamuziki wakamlaani kwa umbali wa kubeba vyombo, na mimi peke yangu nikaelewa kwa nini.

Chakula nacho kilikuwa kesi. Hakula samaki asiye na magamba, maana kwao si safi. Sato alikula, furu alikula, sangara alikula akilalamika kwamba mafuta ni mengi. Mumi na kamongo hakuwagusa. Katika kila hoteli aliuliza kabla hajakaa, "Ana magamba?" Pale Guta, mama aliyetupikia alikuwa na mumi tu siku hiyo, na alikuwa ameamka mapema kumpika.

"Baba, wewe ukila samaki unakula magamba?" alimwuliza, ameshika kiuno.

"Hapana, mama."

"Sasa ya nini kuyaulizia?"

Bendi nzima iliangua kicheko. Dereva naye alicheka, akavua kofia, akakubali kushindwa, kisha akala ugali wake wa muhogo kwa chumvi. Yule mama alisonya, akaingia ndani, akatoka na bakuli la maziwa mgando akambwagia mbele. "Maziwa hayana magamba, utaniambia nini?" Tangu hapo, kila tulipopita Guta, bakuli lilikuwa linamngoja. Guta palimtesa kwa jambo jingine: pako tambarare kama meza. Tulisukuma lori pale mpaka mpiga tarumbeta akakosa pumzi ya kupigia.

Dereva alikuwa mtu mpole. Lakini upole wake ulikuwa na mpaka, na mpaka huo tuliuona siku moja. Ilitokea Butiama, Jumamosi, kabla ya bugi. Meneja wa bendi alikuwa mtu mfupi aliyevaa suti ya Kaunda hata kwenye joto, na aliogopa wakubwa wake kuliko sisi tulivyomwogopa yeye. Ilifika taarifa kwamba kuna wakubwa wa wilaya watakuja kutazama onyesho, na lori letu bovu lilikuwa limesimama mbele kabisa ya lango, kwenye mteremko pekee uliopatikana.

"Sogeza gari," Meneja alisema.

"Jua likizama, Bwana Meneja."

"Wageni wanafika saa tisa! Nimesema sogeza sasa hivi."

"Nimesikia. Jua likizama."

Meneja alimsogelea mpaka kofia yake ikagusa kidevu cha Dereva. "Unajua nyumba unayolala ni ya nani?"

Mpiga solo aliacha kufunga nyuzi. Dereva alitazama lori, akatazama jiwe, akatazama upande wa ziwa, ambalo hata halionekani kutoka pale.

"Ni ya shirika," akasema. "Na Sabato si ya shirika."

Meneja aligeuka akatuambia tulisukume wenyewe. Nani atakaa kwenye usukani? Wote waliniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa nakaa mbele kila safari, kana kwamba kukaa ni kujifunza. Nikapanda. Kiti kilikuwa kimebonyea umbo lake. Mtu alitoa jiwe, lori likaanza kushuka polepole bila kuwaka, wenzangu wamelishikilia kwa kamba nyuma, na mimi nikaukamata usukani. Dereva alisimama kando ya njia, mikono nyuma. Hakunielekeza kwa neno hata moja, maana kuelekeza nako kungekuwa kazi. Lakini nilipofika kwenye ua wa minyaa nilimwona: mkono wake wa kulia ulikuwa umemponyoka kutoka mgongoni, unakata kona hewani, unazungusha usukani usiokuwepo. Nilikwangua ua wote.

Kesho yake tulikuwa njiani na Dereva, tunaikaribia Makutano.

"Ulikata mapema," alisema.

Meneja hakumfukuza. Tulimsikia akimwambia katibu wake, "Nikimfukuza huyu, jeneza hili ataliwasha nani?" Hivyo ndivyo walivyoshikana. Meneja hakuweza kumwacha, yeye hakuweza kuondoka, na sisi hatukuweza kufika popote bila wao wawili. Wakati mwingine, nikiwa nimepakata amplifaya, mbele kuna vumbi na pembeni kuna taya lake linatafuna hewa, nilihisi kwamba sote tumo ndani ya lori lililosimama, na ni barabara tu inayopita.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka ya Musoma yalijaa mpaka vitu vikatundikwa nje: mashati, baiskeli, redio za kaseti, na kwa fundi mmoja karibu na soko, starta za malori zimening'inia kwenye waya kama nyama buchani. Nilimwona Dereva amesimama chini yake akizitazama. Hakuuliza kitu. Mlango wa pili kulikuwa na banda la video. Wa tatu, kijana mmoja na spika mbili na kaseti alipiga disko kila Jumamosi, bila mpiga tarumbeta, bila lori, bila kumsubiri mtu.

Watu walituacha. Hawakutuacha kwa ubaya, walituacha kama mtu anavyoacha nguo iliyombana. Shirika lenyewe likauzwa vipande vipande. Bendi ikavunjwa kwa tangazo lililobandikwa mlangoni, lori likanunuliwa na tajiri mmoja wa mjini, na watu wa nyumba za Nyasho wakapewa siku za kuhama. Nilimkuta Dereva anapakia vitanda kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mkewe ameshika saa ya ukutani kifuani. Nilikuwa nimejiandaa maneno ya pole, nimeyapanga vizuri, nimeyakariri njia nzima. Sikuyatumia. Alikuwa anacheka.

"Nimetoka, Fundi!" alisema. "Wamenitoa wenyewe. Mimi sijaacha hata, wameniachisha!"

"Sasa kaka yako…"

"Jumamosi hii hii naenda."

Aliniachia mkono wake mgumu mkononi mwangu kwa muda mrefu. Nikaenda zangu Bunda, nikafungua kibanda cha kutengeneza redio, na nikajiambia kwamba angalau mmoja wetu amefunguliwa. Habari nilizipata vipande kutoka kwa watu waliokuja na redio zao. Kwamba kanisa lilimpokea vizuri, ila wazee walisema akae kwanza waone mwenendo wake kabla ya kurudisha jina. Kwamba anakaa chumba kimoja pembeni ya Nyasho. Kwamba anatafuta kazi. Baadaye hata vipande hivyo vikaacha kuja.

Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye, Butiama, Jumamosi saa sita mchana. Nilikuwa nimeitwa kutengeneza vipaza sauti vya harusi. Nilipokuwa natafuta kivuli cha kupumzikia niliona lori likiangalia bondeni, jiwe jeusi lenye madoa meupe chini ya tairi. Walikuwa wamelipaka rangi ya bluu, ila kwangu ilikuwa kama kumwona ndugu kwenye shati la mtu. Nyuma lilikuwa limejaa vijana wa kwaya, sare nyeupe na zambarau, spika kubwa kuliko zetu za zamani, na msichana mmoja alikuwa anajaribu kinanda. Waya wa kinanda ulipita chini ya boneti mpaka kwenye betri. Hilo niliona kwanza, kabla sijamwona yeye. Macho yangu yamezoea kufuata waya.

Alikuwa kwenye ngazi ya lori, kichwa cheupe kabisa.

"Fundi," alisema, kana kwamba nimetoka kuchukua fyuzi na kurudi.

"Shikamoo, Dereva."

"Marahaba. Umenenepa. Redio zinalipa?"

"Zinalipa wasiwasi." Nikaangalia jua, lilikuwa juu kabisa ya vichwa vyetu. Nikashindwa kujizuia. "Lakini leo si Jumamosi?"

Alikunja kofia yake mkononi. Akanieleza kwa sauti ya chini ili wale wa nyuma wasisikie. Tajiri aliyenunua lori ndiye peke yake aliyemchukua, kwa sababu gari lile halikumtii dereva mwingine. Tajiri naye analikodisha kwa kwaya. Siku hizi kwaya zina kaseti zao, zina vyombo, zinazunguka vijijini kama tulivyozunguka sisi. Ni makanisa ya Jumapili. Na kwaya inayotaka kuimba Jumapili asubuhi ni lazima isafiri Jumamosi.

"Nyie mlikuwa walevi," alisema. "Lakini Jumamosi yangu mliniachiaga. Hawa ni watu wa Mungu, Fundi. Wanasema Sabato ni ya kwenu, sisi twende."

"Na kaka?"

"Yupo. Haoni vizuri sasa. Ananitambuaga kwa sauti."

"Na miguu?" Niliuliza taratibu, nikijuta hata kabla neno halijatoka.

"Jina halijarudi. Wameniona njiani Jumamosi na kwaya, nitawaambia nini?" Akacheka, lile cheko lake la Guta, la kukubali kushindwa. "Huwaga naosha yangu mwenyewe."

Kiongozi wa kwaya alikuja, kijana mwenye tai, anapiga makofi. "Mzee, tunachelewa! Vijana, shukeni, kusukuma!" Wakashuka wakilalamika, wakikunja mikono ya mashati yao. "Samahani, ndugu yangu," aliniambia mimi, "hili gari starta yake haifanyi kazi. Tajiri anasema alishaweka mpya, lakini wapi."

Niliinama. Sikutaka kuinama, ni mwili tu ulioinama wenyewe kama unavyofanya mbele ya kitu chochote kilichoharibika. Starta ilikuwa pale, safi, waya wake mwekundu umefungwa vizuri na kukazwa. Na betri ilikuwa na nguvu ya kupiga kinanda. Nilipoinuka, Dereva alikuwa ameshapanda, ananitazama kupitia dirisha, safari hii uso wake wote ukiwa mbele yangu.

"Fundi."

"Naam."

"Siku nyingine zote naliwashaga kwa ufunguo." Alisema karibu kwa kunong'ona. "Leo siugusi. Wakilisukuma, likashuka, likawaka lenyewe, mimi nimeshika tu lisiue watu."

Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa na sentensi kadhaa, na zote zilihitaji kurekebishwa. Yeye alivua kofia, akaiweka juu ya dashibodi, akafumba macho kidogo, akafumbua.

"Toa jiwe," alisema.

Nililitoa. Wanakwaya walisukuma, lori likashuka, likakohoa, likaitika, nao wakalikimbilia na kurukia nyuma mmoja mmoja huku wameanza kuimba. Mimi nilikimbia na jiwe kama zamani. Lakini nilikuwa nimenenepa kweli, na begi la vifaa lilikuwa linanipiga kwenye nyonga, na msichana wa kinanda alinyoosha mikono akaishia kuipungia hewa. Nilipiga kelele. Dereva alinisikia, najua alinisikia, kwa sababu mkono wake ulitoka dirishani ukasimama hewani. Starta nzima, betri nzima, angeweza kusimama mahali popote. Lakini akisimama, ni nani angelisukuma tena pale kwenye tambarare, na akigeuza ufunguo, itakuwa yeye ndiye aliyeliwasha. Mkono ulirudi ndani. Lori likaendelea.

Nilibaki katikati ya barabara nimelikumbatia jiwe, vumbi linanishukia. Lilikuwa la moto kwa jua. Nilifikiri kulipeleka Bunda, nikaona si langu. Kesho ni Jumapili, nikawaza. Wataimba, watarudi Musoma kwa njia hii hii, na kesho anaweza kusimama.

Nililiweka kando ya barabara, upande wa kushoto kwa anayerudi. Nikaona majani yanalifunika, nikang'oa majani. Nikaona limegeukia shambani, nikaligeuza, madoa meupe yatazame njia. Halafu nikapanda juu ya kichuguu kilichokuwa karibu, ili niwe kwenye kimo cha mtu aliyekaa kiti cha lori, nikatazama. Lilionekana. Nikashuka, nikalisogeza kidogo, nikapanda tena kuhakikisha.